Baba Silinda na Injini ya Sebuleni

Ndugu zetu wa damu, wakwe zetu, majirani wa mtaa huu, wafanyakazi wenzake wa karakana, na nyinyi mliosimama kule nyuma ambako turubai halikufika na jua linawapiga utosini, nawasalimu nyote kwa heshima. Mimi ni dada mkubwa wa marehemu, na ukoo umenichagua niwasomee maisha yake kwa sababu ni mimi peke yangu niliyebaki kati ya waliokuwapo siku anazaliwa, ingawa mdogo wetu wa mwisho, huyo aliyekaa pale mbele na saa yake mkononi, aliniomba jana nisome karatasi waliyoandaa wao, fupi na tamu, nami nimeikunja nimeikalia.

Mnaona jeneza limewekwa hapa barazani, na wengi mmenong'ona kwamba haifai mtu kuagwa nje ya mlango wake mwenyewe kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, lakini ukweli ni kwamba asubuhi vijana wenye nguvu zao walijaribu kuiondoa injini iliyo katikati ya sebule ili marehemu apite, wakashindwa, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliifunga stendi yake kwa bolti zilizozama ndani ya sakafu ya zege, na aliyejua zinafunguliwaje ni yeye, na yeye ndiye huyu hapa, kwa hiyo injini iko ndani na mwenye injini yuko nje, na sisi tutaendelea hivyo hivyo.

Kabla sijaanza, naomba niseme jambo moja ili lisimshtue mtu baadaye. Marehemu aliniachia siri, akaniomba nisiitamke mbele ya mke wake, nami nitaitamka, nikifika kwenye sehemu ya ugonjwa, kwa sababu mahali pake ni pale. Wifi yangu, siri yenyewe inakuhusu wewe na mguu wako, kwa hiyo kaa vizuri, kunywa maji, na binti yako akushike mkono. Sikuja hapa kumvisha mtu kilemba cha ukoka, wazee walisema mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, basi haki yake marehemu nitampa yote, na ya mwenzake nayo nitaitoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi mwaka 1955, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana ukuta na kiwanda cha misumari, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa baba yetu, aliyekuwa akigawa maziwa nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, na mama yetu, aliyekuwa mshonaji wa sare za shule, na mimi niliyekuwa na miaka sita nilitumwa kumwita mkunga, nikarudi naye tukamkuta mtoto keshatoka, amekunja ngumi, analia kwa hasira, na mama akasema huyu ana haraka, jambo ambalo baadaye lilithibitika kuwa si kweli, maana sijapata kuona mtu mwingine anayechukua miaka thelathini kufunga kitu kimoja.

Alikuwa mtoto mzuri wa sura na mpole wa maneno, na kwa kuwa alikuwa mvulana wa kwanza, alilelewa kama yai. Mwaka 1964, akiwa na miaka tisa, aliifungua baiskeli ya baba yote, mnyororo, magurudumu na gololi zake, akaipanga uani kwenye kitambaa, ikampendeza sana kuitazama, lakini kuirudisha akashindwa, na baba yetu akagawa maziwa kwa miguu kwa muda wa mwezi mzima, maziwa yakawa yanachachia njiani na wateja wakahamia kwa mgawaji mwingine, ila marehemu hakuguswa hata kwa fimbo ya ufagio, baba alisema, "Mwacheni, mikono ya mtoto huyu ina akili," na aliyechapwa ni mimi, kwa kutomwangalia. Nalisema hili bila kinyongo, au nikiri kwamba kinyongo kipo, lakini nalisema zaidi ili mjue alikojifunzia kwamba akiharibu yeye, hulia mwingine.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya msingi Januari 1962 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1968, akajiunga na sekondari mwaka 1969 hadi 1972, kisha akaingia chuo cha ufundi mwaka 1973 na kuhitimu Novemba 1975 akiwa mkereza vyuma wa daraja la kwanza, na wakati huo mimi, niliyekuwa nimefaulu mtihani kabla yake, niliambiwa nisubiri kidogo kwanza mwanamume asome, na hadi leo nasubiri.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya mabasi, kwenye chumba cha mwisho chenye dirisha moja na mashine ya kukerezea iliyofungwa chini ya taa, na hapo alifanya kazi kwa uaminifu hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2010. Haki yake naitoa sasa: hapakuwa na mkono kama ule. Wenzake mlioko hapa mnajua, ukimpelekea chuma kilicholika alikuwa anakipapasa macho kafumba, anasema kimepungua wapi, na ukienda kupima unakuta kweli, mabasi yaliyohukumiwa kuuzwa kwa kilo yalirudi barabarani kwa sababu yake, na mkuu wa karakana alizoea kusema kwamba siku huyu bwana akiugua basi na kampuni imeugua. Alikuwa mcheshi kwa wenzake, hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, wala sijasikia mwanamke aliyemlilia mlangoni. Wengi mnaomlilia leo mnamlilia kwa haki.

Jumamosi tarehe 11 Desemba 1982 alifunga ndoa na wifi yangu huyu, ambaye wakati ule alikuwa muoka mikate na keki, msichana mnene kidogo, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, aliyeingia kwa mume wake na oveni yake mwenyewe, na baadaye akanunua friji kwa jasho lake mwenyewe, na naomba muviweke akilini vitu hivyo viwili, oveni na friji, kwa sababu vyote vilikuwa vyake. Wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 20 Juni 1984 na mvulana aliyezaliwa tarehe 8 Septemba 1989, na kati ya hao wawili akazaliwa wa tatu, ambaye hakutoka tumboni mwa mtu.

Huyo alikuja Mei 1986. Mtoto wa mwenye kampuni alikuwa na gari la mbio, la milango miwili, la zamani hata kwa siku zile, akalikunja kwenye nguzo ya umeme, yeye akatoka mzima, gari likawa chapati, bodi ikauzwa chuma chakavu, na injini ikatupwa nyuma ya karakana, ikanyeshewa na mvua, panya wakazaa kwenye mabomba yake ya moshi. Marehemu akaiomba, akapewa, akaileta hapa kwa mkokoteni, injini ya silinda sita, kamshafti mbili juu, zile fito za chuma zinazofungua valvu, kabureta tatu zimepangana ubavuni, ikawekwa sebuleni kwa sababu uani hakukuwa na paa, na wifi yangu akaambiwa ni kwa siku chache. Watu walipouliza, "Sasa gari lenyewe liko wapi?" alijibu kwamba bodi ni nguo tu, injini ndiyo gari, na aliyaamini maneno hayo hadi kufa, maana hakuwahi kuwa na gari hilo, wala mlango wake, wala hata kioo chake cha pembeni.

Kabla ya injini aliitwa kwa jina la binti yake, kama baba yeyote aitwavyo, lakini mtaa una mdomo, ikaanza kwa utani, wakamwita Baba Silinda, naye akalipokea akacheka, na mkewe akawa Mama Silinda, jina la binti likapotea hivi hivi, na huyu binti aliyekaa hapa akiwa na miaka mitano alikuja kwangu analia, akaniuliza, "Shangazi, mimi baba yangu ni nani?" Nilimpa andazi.

Nyumba ikageuka karakana. Pistoni zililowekwa wiki nzima kwenye mafuta ya taa ndani ya sufuria ya wali, kabureta zilichemshwa kwa maji ya ndimu ndani ya birika, valvu alizisaga kwa mkono moja moja, akizungusha kijiti viganjani kama anayepekecha moto, jioni baada ya jioni, huku redio ikiimba, na kamshafti mbili zililala chini ya kitanda zimepakwa grisi na kufungwa kwa blanketi la mtoto, mtoto mwenyewe akafunikwa kanga. Alisugua kila kipande kwa msasa, mkavu kisha wa maji, mpaka ukijiangalia unaona meno yako. Jirani mmoja alimwambia wifi yangu kwamba hii injini imekuwa mke mwenza, naye akajibu, "Afadhali ingekuwa mke mwenza, angenisaidia kuosha vyombo," watu wakacheka sana, na yeye akacheka kuliko wote, na mimi nilikuwa nimekaa karibu naye nikaona akiendelea kusugua ile sufuria ya wali iliyoingia mafuta ya taa.

Tena kuna oveni. Wale msiojua ufundi niwaeleze kwa ufupi, maana jambo lote limesimama hapo. Kile kifuniko cha juu cha injini, wanachokiita silinda hedi, kile cha injini hii ni cha alumini, na ndani yake hukaa pete za chuma kigumu ambazo valvu hufunga juu yake, wanaziita siti, na siti haigongewi kwa nyundo ikaingia, maana ni kubwa kidogo kuliko tundu lake, kwa hiyo fundi anaipasha moto hedi ili tundu lipanuke, anaigandisha siti kwenye baridi kali ili isinyae, halafu anaidondosha haraka, na hedi ikishapoa na siti ikipata joto vinashikana hata shetani havitoi. Karakana ilikuwa na vifaa vya kazi hiyo, lakini marehemu hakutaka mkono wa mtu mwingine uguse injini yake, akatumia vya nyumbani, hedi akaipasha kwenye oveni ya mkewe, si mara moja, mikate ikaanza kunuka mafuta yaliyoungua, watoto wa shule wakaiita mkate wa gereji, na wateja wakatoweka mmoja mmoja kwa adabu, wakabaki wachache wa keki za harusi.

Sasa nimefika kwenye ugonjwa, na kwa desturi ugonjwa unaosomwa ni wa marehemu, lakini wa marehemu nitausoma kwa ufupi baadaye, kwa sababu haukuumiza mtu mwingine. Kijana wa kipaza sauti, usipunguze, ongeza.

Mwaka 2003 wifi yangu alionekana na ugonjwa wa kisukari, akaanzishiwa sindano za insulini, akaambiwa azitunze kwenye friji, si juani wala kwenye barafu, naye akawa mwanafunzi mzuri kuliko sisi sote tuliosoma, chupa zake alizipanga kwenye kikopo safi, rafu ya juu, chakula chake alikipima, na aliuza keki ambazo yeye mwenyewe hakuzila, alionja krimu kwa ncha ya kijiko akatema, nilimwona kwa macho yangu. Miaka sita ikapita, mguu wake mzima, macho yake mazima.

Agosti 2009 binti yake alijifungua, na wifi yangu akaenda kumuuguza, akabeba chupa moja ya dawa aliyokuwa anaitumia, akaacha chupa tatu mpya kwenye kikopo. Ijumaa tarehe 14 Agosti, marehemu akiwa peke yake nyumbani, aliziweka siti zake kwenye friza ya lile friji, akakizungusha kitufe cha baridi mpaka mwisho wake, akaondoka kwenda kutengeneza hedi. Jumapili alipofungua kutoa siti, friji zima lilikuwa barafu, maziwa yamepasua chupa, nyanya zimekuwa mawe, na chupa tatu za dawa zimeganda. Kwanza akamaliza kazi yake, akatoa hedi kwenye oveni, akadondosha siti zote, zikaingia vizuri, akafurahi. Halafu akachukua zile chupa za dawa, akaziweka kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, zikayeyuka, akaziangalia kwenye mwanga, akazitikisa, akazifuta kwa kitambaa, na kuzirudisha kwenye kikopo chake, rafu ya juu.

Nyanya hakuzirudisha. Nyanya zilipoyeyuka ziliporomoka zikawa uji, akajua mkewe akiziona atauliza, akazitupa shimoni, akaenda sokoni kununua nyingine zinazofanana.

Hayo yote aliniambia kwa mdomo wake, Jumamosi tarehe 6 Aprili mwaka huu wa 2024, kwenye kitanda cha hospitali, mchana, wakati wifi yangu ameenda bombani na gongo lake la kutembelea kumfulia mashuka. Aliniambia, "Dada, nilidhani itarudi. Chuma kikiganda kinasinyaa, kikipata joto kinarudi kilivyokuwa, nikadhani na dawa itarudi." Basi sikilizeni, huyu ndiye mtu ambaye mikono yake ilikuwa na akili, dunia nzima aliipima kwa chuma, nyanya zilimfundisha mbele ya macho yake kwamba si kila kitu kinarudi, na yeye akakimbilia kuficha mwalimu.

Wifi, naona umeinua mkono. Mdogo wangu, rudisha saa mfukoni, anaongea wifi. Anasema nisome. Basi nasoma.

Wifi alirudi kutoka kwa mjukuu akawa anajichoma dawa iliyokufa, asubuhi na jioni, sukari ikapanda, akapunguza chakula, ikapanda, akaacha wali kabisa, ikapanda, akapata kidonda kidogo cha kiatu kwenye kidole, kidonda kikawa cheusi, na tarehe 19 Septemba alianguka jikoni akapoteza fahamu. Alipozinduka wodini, daktari, mama mmoja mrefu mwenye miwani, aliuliza swali moja, na ninataka mlisikie kama lilivyoulizwa: "Hii dawa yenu, haikuwahi kukaa juani au kuganda?" Mgonjwa akamwangalia mume wake, kwa sababu yeye mwezi ule hakuwapo nyumbani, na mume wake akajibu, "Friji letu halina shida, daktari." Kama angenyamaza hapo, ningesema ni woga, binadamu ana woga. Hakunyamaza. Aliongeza, "Ila huyu ni mtu wa keki."

Daktari akamgombeza mgonjwa. Tarehe 5 Oktoba 2009 wakamkata mguu chini ya goti. Naye wifi yangu, mtu aliyekuwa akionja na kutema, alilala kitandani akihesabu vijiko alivyowahi kuonja, mpaka akajihukumu mwenyewe, akaniambia, "Wifi, ni mimi, lazima kuna siku nilimeza," na aliporudi nyumbani aliigawa oveni, hakuoka tena, wala kile kicheko sikukisikia tena.

Tukamsaidia kujihukumu. Mnakumbuka harusi ya mwaka 2012, ukumbi umejaa, wifi akapewa kipande cha keki na mhudumu asiyemjua, na mdogo wetu huyu wa saa akampokonya sahani mbele ya meza zote, akasema, "Unataka na huo mguu mwingine?" na watu wakacheka, na mkono uliopokea ile sahani ulikuwa wangu. Marehemu alikuwa amekaa pale pale. Alicheka pia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini yeye mzigo ulikuwa wake mwenyewe, aliutua juu ya kichwa cha mkewe akatembea mikono mitupu.

Na sisi tulimsifu. Alimtengenezea gongo la kutembelea, hilo hapo mnaliona, limekerezwa kwa alumini, mpini umeng'arishwa kama kioo, wanawake wa mtaa mzima wakasema mume ndiye huyu, mkewe kajila mguu mwenyewe na bado anamtunza, na kuna mabwana hapa waliambiwa na wake zao wajifunze kwake. Miaka kumi na minne na zaidi alikula sifa hizo, na hazikumkwama kooni.

Injini aliimaliza mwaka 2016. Ilikuwa Jumapili, vijana wakaibeba na stendi yake mpaka uani, akatuita wote, wifi akasimama mlangoni kwa gongo lake, injini ikawashwa, na haki yake tena naitoa, ilinguruma vizuri, mpaka mabati yakaimba na watoto wa jirani wakaruka ruka, na marehemu akalia machozi, mtu ambaye siku mguu wa mkewe ulipokuwa unakatwa alikaa kwenye benchi la nje anasugua nati kwa kitambaa. Ikanguruma kwa muda wa kuchemsha chai. Halafu ukasikika mlio kama wa kijiko ndani ya mashine ya kusagia, ikakata. Siti moja kati ya zile za Agosti 2009 ilikuwa imechomoka kwenye hedi, ikaangukia pistoni ya nne, ikapondapondwa huko ndani pamoja na kila kitu. Kumbe haikushika. Hivyo ndugu zangu, mguu wa wifi yangu ulitolewa kwa ajili ya kazi ambayo hata yenyewe haikukaa, na marehemu akairudisha injini sebuleni, safari hii akaifunga chini kwa bolti, akaanza upya na pistoni mpya.

Ugonjwa wake yeye ulianza Oktoba 2023, kikohozi, kifua kubana, pumzi fupi, waganga wa hospitali wakasema ni mapafu, vumbi la chuma na moshi wa petroli wa miaka mingi ndani ya chumba kisichofunguliwa madirisha, akalazwa tarehe 18 Machi 2024, na mkewe akahamia kwenye kiti kando ya kitanda, mtu mwenye mguu mmoja akimgeuza mtu mwenye miguu miwili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hili nalo lilikuwa maradhi yake, ndiyo maana Jumamosi ile alinishika mkono akasema, "Dada, usimwambie, nisipoteze sura yangu kwake, niahidi," na jicho lake lilikuwa la mtoto yule yule wa baiskeli, anayetazama nani atachapwa badala yake. Nikamwambia sawa, sitasema. Aliachia pumzi ndefu, akalala, akaamka mwepesi, akaomba uji, akataniana na wauguzi, na Jumanne tarehe 9 Aprili 2024, saa nne asubuhi, alifariki akiwa ametulia kabisa, mkewe akiwa amemshika kichwa, na wote mliokuwapo mlisema hamjaona mtu aliyeondoka kwa utulivu namna ile.

Binti yake amesimama, mwacheni asimame. Najua mnaloniuliza kwa macho, mbona sikwenda kwake chumbani, mbona leo, mbona hapa mbele za watu na maiti haijafunikwa udongo. Nawajibu. Wifi yangu hakutukanwa chumbani. Alitukanwa ukumbini, wodini, barazani na harusini, na utukufu wa mume wake ulijengwa hadharani juu ya aibu yake, kwa hiyo kumnong'oneza jikoni kwamba hana kosa kungekuwa ni kumfunga mdomo mara ya pili, angebaki na ukweli mwenyewe na nyinyi mkabaki na hadithi ya keki. Sasa mmesikia wote. Huyu mwanamke hakuumeza mguu wake. Aliyemwita mtu wa keki amwendee leo hii amwombe radhi, kabla ya kula chakula cha msiba, na wa kwanza tutakuwa sisi wawili, mimi na mwenye saa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia marehemu hadi pumzi ya mwisho, na kwa namna ya pekee namshukuru yule daktari mrefu mwenye miwani, popote alipo, aliyeuliza swali sahihi akapewa jibu la uongo, mwaka ule tulimsema vibaya kwa sababu alikata mguu. Nawashukuru majirani kwa kuvumilia harufu ya petroli na kelele za msasa kwa miaka thelathini na nane, na kwa turubai, viti na maji. Nawashukuru wafanyakazi wenzake wa karakana kwa kumpenda, pendo lenu lilikuwa la kweli na kazi aliyowafanyia ilikuwa ya kweli, lichukueni mwende nalo, sikuligusa. Ambao sikuwataja mniwie radhi.

Mdogo wangu, nilikupokea duniani na leo nakusindikiza, na nilikupenda, nitalia nikifika nyumbani. Ule utulivu ulioondoka nao nilikupa mimi, kwa uongo, kwa sababu ulikuwa unakufa na sikuwa na kingine cha kukupa, ila haukuwa wako wala wangu, ulikuwa wa mtu aliyekuwa bombani akikufulia mashuka, na leo nimeuchukua nikamrudishia mwenyewe. Wewe pumzika. Amani nimemkabidhi mkeo.